Kidole Kidogo Kilipogoma

Niligundua kwamba kidole cha mwisho cha mkono wangu wa kushoto kimeacha kazi siku nilipokichoma pini nacho kisiseme kitu. Nilikuwa nimepiga magoti dukani kwangu Saint-Josse, hapa Brussels, duka lenye upana wa kitanda, napandisha pindo la gauni la harusi. Bibi harusi amesimama juu ya kigoda, shangazi yake amekalia kiti pekee kilichopo, na mimi mdomo umejaa pini. Mara bibi harusi akasema, "Madame, damu!"

Nikaangalia miguu yake kwanza. Kwa akili yangu, aliyechomwa ndiye hulia, na mimi sikuwa nimelia. Miguu yake ilikuwa salama. Damu ilikuwa yangu: pini imesimama kwenye ncha ya kidole changu kama mlingoti, na tone limeshaingia kwenye kitambaa cheupe.

Mafundi tunaambiana kwamba damu ya fundi hutolewa na mate ya fundi mwenyewe, na mimi nimeitumia dawa hiyo miaka na miaka. Lakini nenda ukalitemee mate gauni la mtu wiki ya harusi yake, mbele ya shangazi yake! Nikabaki nimeshika pindo, mpaka shangazi mwenyewe, mama wa Kimoroko mwenye sauti ya kuamrisha, akainama, akalitazama lile doa, akasema, "Unangoja nini? Tema." Kumbe naye alishona ujanani. Nikatema, nikafuta kwa kitambaa cha maji baridi, doa likatoka. Bibi harusi muda wote alikuwa amefumba macho.

Walipoondoka nilifunga mlango, nikakichunguza kile kidole. Nikakibana kwa koleo ya kutengenezea zipu. Kimya. Nikakiuma. Ilikuwa kama kuuma kidole cha jirani.

Jambo lenyewe halikuanza siku hiyo, nisiseme uongo. Tangu baridi iingie nilikuwa naamka asubuhi vidole viwili vya mwisho vimekufa ganzi. Nikivikung'uta vinarudi na sindano zake, nami naendelea na chai yangu. Nilivizoea kama mtu anavyozoea bomba linalovuja. Sasa bomba lilikuwa limekauka kabisa, na mimi nikaogopa. Fundi nguo hana kitu kingine. Macho yananunuliwa miwani, lakini vidole haviuzwi popote.

Nyumbani tunakaa watatu. Mimi ni mtoto wa Tanga niliyekuja Brussels kwa mwaka mmoja nikasahau kurudi. Mume wangu ni mzaliwa wa Lubumbashi, dereva wa tramu, mtu mpole asiyepiga honi hata panapostahili. Wa tatu ni mama yake, ambaye alikuja kutolewa mtoto wa jicho akabaki. Macho yalipopona alianza kuona kila kitu: vumbi juu ya kabati, chumvi niliyozidisha mchuzini, hata mambo yasiyoonekana. Namwita Maman, kama mume wangu anavyomwita. Sote tunazungumza Kiswahili, ila Kiswahili changu na chao ni kama ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali: sura zinafanana, tabia hapana.

Nilipowaonyesha kidole, kila mmoja alikuwa na jibu tayari.

"Njo baridi ile," alisema Maman. "Baridi ya huku inaingiaka mu mifupa. Leta mukono." Akaanza kunichua kwa mafuta ya mawese. Kidole hakikusikia, lakini suruali za wateja zilisikia, na baada ya kuosha mfuko wa suruali ya mtu mara mbili nilimwomba aache.

"Ni ile kitanda, chérie," alisema mume wangu. "Unalaliaka mukono." Alikuwa anataka godoro jipya tangu zamani, kwa hiyo ushahidi wake niliupokea kwa tahadhari.

Jumapili baada ya misa, tukiwa kwenye mkahawa wetu wa karibu na Porte de Namur, kina mama wa kwaya walinizunguka. Mmoja akasema kisukari. Mwingine akasema hapana, kiharusi, kinaanzaga hivyo hivyo na kidole, halafu mdomo. Wa tatu alinitazama mdomo tu. Nilitoka pale nikitembea taratibu kama mgonjwa aliyetoroka wodini.

Dada yangu wa Tanga, ambaye nazungumza naye kwa simu karibu kila siku, alikuwa na lake. "Umetupiwa jicho, mdogo wangu. Mtu na duka lake Ulaya, mume hanywi, mama mkwe anapika! Watu watakuacha?"

Mimi mwenyewe sikuwa nyuma. Nilikuwa nimesikia kwamba mafundi na wachapaji huumwa kifundo cha mkono, pale unapovaa saa, mshipa ukabanwa na vidole vikafa. Nikajiamulia kwamba ndio huo. Nikaenda duka la dawa, nikanunua bendeji ngumu ya kifundo, nikaivaa majuma kadhaa. Wateja walidhani nimepigana. Kidole kikaendelea na usingizi wake.

Mwishowe nilikwenda kwa daktari wetu wa kawaida, mama mmoja mrefu asiye na haraka. Aliniambia nifumbe macho, akachukua kipande cha pamba, akaanza kunigusa kidole kimoja kimoja.

"Hapa unasikia?"

"Ndiyo." Hicho kilikuwa kidole gumba.

"Hapa?"

"Ndiyo."

"Na hapa?"

"Bado hujanigusa," nikasema.

"Nimegusa," akasema.

Nilipofumbua macho alikuwa anachora mstari kwa kalamu juu ya kidole changu cha pete, kutoka ncha hadi shina, akikigawa katikati. Upande wa kidole cha kati ulikuwa hai. Upande wa kidole cha mwisho ulikuwa umekufa. Mwenyewe sikuwahi kuona kwamba ganzi ilikuwa na mpaka safi namna ile, kama mtu aliyekata kwa mkasi.

"Bendeji yako ni nzuri," alisema, "ila imefungwa kwa jirani. Mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo unalisha kidole gumba, cha shahada na cha kati. Hivi vyako viwili vina mshipa mwingine." Akanipima damu hata hivyo. Kisukari hamna, vitamini zipo, tezi ya shingo inafanya kazi. Kiharusi alikicheka kabisa. Akanipeleka hospitali ya chuo kikuu, kule Woluwe, kwa daktari wa mishipa ya fahamu.

Nyumbani mume wangu aliutazama ule mstari wa kalamu kwenye kidole changu cha pete, akacheka mpaka akakaa chini. "Kwa hiyo nusu ya ndoa yetu imelala?"

"Nusu iliyoamka ndiyo inayopika," nikamwambia.

Siku ya hospitali mume wangu alikuwa zamu, kwa hiyo Maman akajitolea kunisindikiza. Sikuomba. Alivaa kitenge chake cha heshima na koti zito juu, akabeba rozari, tukapanda metro. Kifaransa chake ni cha sokoni, maneno machache lakini makali. Nilimwambia nitamtafsiria.

Daktari alikuwa kijana mwenye mikono ya baridi na adabu nyingi. Alinibandika vibandiko mkononi vyenye nyaya, akaeleza kwamba atapitisha umeme mdogo kwenye mshipa na kompyuta itapima unakwenda kwa kasi gani. "Hauumi," alisema, "unakera." Alisema kweli. Kila shoti ilipopigwa, vidole vyangu viliruka vyenyewe bila ruhusa yangu, na kila viliporuka Maman alisema "Yezu!" na kusogeza punje ya rozari. Shoti za kifundoni zilikwenda vizuri. Alipofika kwenye kiwiko, pale mkono unapokunjika, upande wa ndani, alirudia, akarudia tena, akaguna.

"Unajua ile sehemu ukiigonga mezani mkono mzima unawaka?" aliniuliza. "Ndipo mshipa wako unapopita, karibu na ngozi, juu ya mfupa. Hapo ndipo umeme unapochelewa. Mshipa unabanwa kwenye kiwiko. Sasa tutafute nani anaubana. Huwa unaegemea viwiko?"

"Hapana, daktari. Mimi kazi yangu ni ya kusimama na kupiga magoti."

"Hujaegemea chochote sasa hivi?"

Nikajitazama. Kiwiko cha kushoto kilikuwa juu ya meza yake, na shavu langu limetua kiganjani kama yai kwenye kiota. Nikaushusha mkono pole pole, kana kwamba pole pole ingesaidia.

"Na simu?" akaendelea. "Unazungumza sana, mkono umekunjwa?"

"Kawaida."

Maman alinigusa bega. "Anasema nini?"

"Anauliza kama natumia simu."

Maman akajiweka sawa kitini. "Mwambie unasemaka na dada yako kila siku ya Mungu. Pa dirisha ya cuisine, kule tunapikiaka. Mukono juu ya ile jiwe, telefone ku sikio, mpaka chai inapoa, mpaka batu ba barabara banakuzoea."

Daktari alinitazama kwa hamu. "Mama anasemaje?"

"Anasema," nikatafsiri, "nazungumza kidogo na familia, jioni."

Hapo nilisahau kwamba Kifaransa cha sokoni kina neno "kidogo". Ni neno la kwanza mnunuzi analojifunza. Maman alinyanyuka. "Non! Pas petit!" alisema kwa sauti iliyofika korido. Akavuta kiti mpaka dirishani, akakaa, akasimika kiwiko kwenye kizingiti, akaweka rozari sikioni kama simu, akaanza kucheka, kuguna, kushika kifua, kutazama barabarani, kubadilisha mguu. Aliniiga mimi. Aliniiga vizuri mno, mpaka ile tabia yangu ya kukwaruza kioo kwa ukucha dada anaponiambia jambo la aibu. Aliendelea muda mrefu, makusudi, ili daktari aelewe urefu.

Daktari aliweka kalamu chini. "Merci, madame," alimwambia Maman kwa unyenyekevu wa kweli. "Sasa nina historia kamili ya mgonjwa."

Akaniambia nibane karatasi kati ya kidole gumba na cha shahada, akaivuta. Nikashinda. Akaniambia nitanue vidole, akavisukuma. Nikashinda tena. "Nguvu zipo," alisema. "Kama misuli ya kiganja ingekuwa imeanza kukonda, nisingekuuliza; ningekwambia upasuliwe. Lakini kwa hali hii una njia mbili. Ya kwanza: unaacha kuegemea, unaacha kukunja mkono kwa muda mrefu, na ukilala unavaa banzi la kuunyoosha, miezi michache, halafu tunapima upya. Ya pili: daktari wa mikono anaufungulia mshipa nafasi. Ni upasuaji mdogo, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo, ila majuma kadhaa hutashona. Watu wengi wa hatua yako hupona kwa njia ya kwanza. Si wote. Fikiria, halafu uniambie."

Kwenye metro ya kurudi nilimnunia Maman. Yeye alivumilia vituo kadhaa, kisha akauchukua mkono wangu wa kushoto, akauweka mapajani mwake, akaanza kuvisugua vile vidole viwili kimoja kimoja.

"Minajua unakasirika," alisema. "Mambo unaambianaka na dada yako, mie siulizi. Lakini hii mukono njo inakulisha, mama. Nisinyamaze."

Nilimwachia mkono mpaka tukashuka.

Jioni baraza likaketi mezani. Maman alitaka kisu. Tangu atolewe mtoto wa jicho amekuwa mhubiri wa upasuaji. Angeweza kumshauri mtu mwenye mafua apasuliwe. "Huku ni Mputu," alisema, kwa lile neno lao la Ulaya. "Banakupasula asubuhi, mangaribi unakula. Sasa unangoja nini?"

Mume wangu aliogopa kisu kwa niaba yangu. "Mu mukono kuko mishipa mingi, Maman. Bakikosea moja tu?"

"Na ku jicho hakukuwa mishipa?"

"Jicho ulikuwa nayo mbili."

"Na mikono iko ngapi?"

Waliendelea hivyo, mmoja upande huu, mwingine upande ule, na mkono wenyewe uko kati ya sahani, umenyooka, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuogopa kuukunja. Wakati wanabishana mimi nilikuwa nauliza moyo wangu swali moja: naogopa kisu, au naona uvivu kuacha dirisha langu? Maana kama ni uvivu, kisu hakitasaidia. Wangenifungulia mshipa, nami ningerudi kuegemea jiwe lile lile. Na kama ni hofu tu, basi ngoja nisiichague hofu, nichague kwa sababu. Nguvu za mkono zilikuwapo bado. Daktari amezivuta na hakuzishinda. Nikasema nitaanza na banzi, na siku nitakapoangusha mkasi au kuona kiganja kinakonda nitakwenda kupasuliwa bila baraza lolote. Mume wangu akashusha pumzi. Maman akasema, "Bon," kwa sauti ya mtu anayetunza hoja yake kwa baadaye.

Lile banzi lilikuwa gumu, linaanzia karibu na kwapa linaishia juu ya kifundo. Ukilala nalo unakuwa kama askari wa trafiki. Asubuhi ya kwanza mume wangu alikuja kunywa chai akiwa ameshika shavu. "Nimeendesha tramu Brussels miaka yote hii," alisema, "ajali ya kwanza nimeipatia kitandani." Akaweka mto katikati yetu na kuuita mpaka wa taifa. Baada ya muda alijifunza kulala upande wangu wa kulia, na amani ikarudi. Kuhusu godoro hakusema tena.

Banzi lilikuwa rahisi. Simu ndiyo ilikuwa kazi. Mume wangu aliniletea visikilizio vya masikioni. Masikio yangu yakavitema kila nilipocheka, na kwa dada yangu huwezi kuacha kucheka. "Basi weka spika," alisema. "Weka simu juu ya meza, useme tu."

Nikakohoa. Sikuweza kumweleza mwana kwa nini miaka yote niliigandamiza simu sikioni. Jikoni kwetu hakuna mlango, na sehemu kubwa ya maongezi yangu na dada ilimhusu mama yake: chumvi, vumbi, na namna anavyopanga upya sufuria zangu nikienda kazini. Lakini mshipa ni mshipa. Siku dada alipopiga, niliweka simu mezani karibu na bakuli la viazi, nikabonyeza spika, na kabla sijafungua mdomo sauti yake ikajaa jikoni:

"Haya mdogo wangu, niambie, yule bibi leo kakuhamishia nini?"

Maman alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa. "Ni mie huyu," alisema. "Nilihamisha mafuta. Ilikuwa karibu na moto."

Huko Tanga dada akasafisha koo. Kisha, "Shikamoo mama! Ndio nilikuwa naulizia hali yako!"

"Nishike nini?" akauliza Maman.

Nikalazimika kueleza shikamoo, ambayo kwao haitumiki, halafu marahaba, halafu kwa nini mtu mzima asalimiwe kwa kushikwa miguu kwa mdomo. Dada naye akataka kujua kwao wanaamkianaje. Kutoka hapo wakaingia kwenye kesi ya dada na jirani yake aliyeelekeza maji ya paa lake kwenye ua wetu, kesi ambayo nimeisikiliza tangu mvua za mwaka juzi. Maman aliweka kisu chini. "Yeye iko na bwana?" aliuliza. "Basi usisemeke na yeye. Enda kwa mama ya bwana." Dada akasema hilo hakuwahi kuliwaza. Mimi nilimenya viazi vilivyobaki, mikono imenyooka, wala hakuna aliyenihitaji.

Sikupona kama taa inavyowashwa. Kwanza zilirudi zile sindano za asubuhi, nikazipokea kama wageni. Kukaja juma zuri, kisha juma baya nililosahau nikaegemea kiti cha metro njia nzima. Kulikuwa na siku nilizosimama mbele ya kioo nikilinganisha viganja viwili, natafuta bonde pale penye msuli, na nikaona bonde hata lisipokuwapo. Nilipopimwa tena, Maman akiwepo na rozari yake, daktari alipiga shoti za kiwikoni, akarudia, na safari hii hakuguna. Umeme ulikuwa bado unachelewa, alisema, lakini si kama mwanzo. Kisu tukiweke kando. Banzi niendelee nalo mpaka baridi nyingine ipite, na nikiona nguvu zinapungua nisingoje miadi.

Maman aliomba nimtafsirie, neno kwa neno. Nikamtafsiria, neno kwa neno.

Juma lililofuata mteja mmoja, mzee wa Kibelgiji, aliniletea koti la mahameli la marehemu mkewe, la kijani kibichi, akitaka nilipunguze ili mjukuu wake alivae. Nikalitandaza mezani na kulipapasa kutafuta mishono, kama ninavyofanya kwa kila nguo. Mahameli ina upande wake: ukiipapasa hivi inateleza, ukiipapasa vile inakataa. Nikapitisha mkono wa kushoto kuelekea chini, kisha nikaurudisha juu, na kidole cha mwisho kikaniambia kwamba kitambaa kinakataa. Kilisema kwa mbali, kama mtu anayeongea na blanketi mdomoni, lakini nilikisikia. Nikarudia. Chini, juu. Chini, juu.

"Kuna tatizo na koti?" aliuliza yule mzee.

"Hakuna," nikasema. "Ni zuri sana. Njoo Alhamisi na mjukuu wako, nimpime mabega."